Mtoto anayekariri darasa: tumfiche ukweli ili tumtie moyo?

Mzazi wa Kihonda (Morogoro) ameuliza:

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Naomba ushauri juu ya mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 11, ambaye mwaka huu anakariri darasa la nne baada ya kupata daraja E katika upimaji wa kitaifa. Si mtoto mtukutu wala mvivu. Ukimtuma anatumika, na juzi aliifungua redio ya jirani iliyokuwa imenyamaza kwa muda mrefu, akakwangua kutu kwenye vyuma vinavyogusa betri, akaifunga, ikazungumza. Lakini akikaa mbele ya daftari anakuwa mtoto mwingine kabisa. Nimekaa kando yake nikamtazama akifanya hesabu za kugawanya: anaandika jibu, na mara nyingi jibu hilo ni sahihi, kisha ananitazama usoni, na nisiposema neno analifuta kwa kidole alichokilowesha mate, anaandika jingine, analifuta tena, mpaka karatasi inatoboka.

Mwalimu wake mmoja amezoea kumwita kwa jina la kumdhalilisha mbele ya darasa, na wenzake wamelichukua jina hilo wakalipeleka mpaka uwanjani na njiani. Yeye mwenyewe hakunieleza. Nimelisikia kutoka kwa dada yake, aliye darasa la sita katika shule hiyo hiyo. Sitaitaja shule wala mwalimu, kwa sababu nia yangu si kumshtaki mtu bali kumsaidia mwanangu.

Katika kikundi chetu cha wazazi tulitumiwa kisa cha Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani. Kinaeleza kwamba siku moja alirudi nyumbani na barua kutoka kwa mwalimu, mama yake akaisoma huku machozi yakimtoka, akamwambia kwamba mwalimu ameandika kuwa mtoto huyu ana akili nyingi mno na shule haina walimu wa kumtosha, hivyo afundishwe nyumbani. Miaka mingi baadaye, mama akiwa amekwisha kufariki, Edison akaikuta barua hiyo na kugundua kwamba kwa kweli iliandikwa kuwa ana upungufu wa akili na amefukuzwa shule. Mke wangu kimemgusa sana kisa hiki, naye angependa tufuate njia hiyo hiyo: tumwambie mtoto kwamba ana akili kuliko wenzake wote na kwamba amebakishwa darasa la nne kwa sababu ya umri wake, na maneno ya mwalimu tusiyataje kamwe. Namheshimu mke wangu, na ninajua anasema hivyo kwa uchungu wa mama. Hata hivyo nafsi yangu inasita, kwa kuwa mtoto anayajua matokeo yake na jina lile amelisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Je, kisa hiki ni cha kweli? Na iwe ni kweli au si kweli, mzazi ambaye si msomi mkubwa (mimi niliishia kidato cha nne, na kazi yangu ni useremala) amtie moyo mtoto wa namna hii kwa njia gani ambayo haitamgeukia baadaye?

Mwalimu Mstaafu (Tanga) amejibu:

Ndugu mzazi, pole kwa mzigo huo, na hongera kwa kukaa kando ya mtoto ukamtazama anavyofanya kazi, kwa sababu wazazi wengi huletewa alama tu na hawajui mtoto amezipataje.

Nianze na kisa chenyewe. Barua hiyo haimo katika habari za maisha ya Edison zinazofahamika, na zaidi ya hapo inapingana na aliyoyasimulia Edison mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Alizaliwa mwaka 1847 katika mji wa Milan, jimbo la Ohio, na mwaka 1854 familia yao ikahamia Port Huron, Michigan. Huko ndiko alikopelekwa shule, akakaa miezi michache tu. Kwa masimulizi yake, siku moja alimsikia mwalimu akimwambia mkaguzi kwamba kichwa cha mtoto huyu kimevurugika na hakuna haja ya kuendelea kumweka shuleni. Mtoto alitoka akilia, akaenda kumweleza mama yake. Mama, Nancy Edison, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa mwalimu, alimshika mkono wakarudi wote wawili shuleni, akamkabili yule mwalimu kwa hasira na kumwambia kwamba mwanawe ana akili kuliko yeye. Kisha akamwondoa na kuanza kumfundisha nyumbani.

Tazama tofauti iliyopo. Katika kisa mlichotumiwa, mtoto hajui lolote, na wema wa mama ni kumficha. Katika habari ya kweli, mtoto alisikia kila kitu, na mama alijua kwamba amesikia. Hakuwa na kitu cha kuficha. Alichofanya ni kusimama upande wa mwanawe mbele ya macho yake, halafu akaketi naye mezani kwa miaka kadhaa, kazi ambayo kisa cha barua hakiitaji kabisa. Alimsomesha vitabu vikubwa kuliko umri wake, na alipoona kwamba mtoto anapenda majaribio kuliko kukariri maneno, alimpatia kitabu cha sayansi chenye majaribio ya kufanya nyumbani. Kijana akayafanya, akajikusanyia chupa za kemikali, na nyumba ikawa na maabara katika ghorofa ya chini ya ardhi. Alipofika umri wa miaka 12 alikuwa akiuza magazeti na peremende ndani ya treni ya kwenda Detroit, na kwa wakati huo usikivu wake ulikuwa umeanza kupungua, tatizo ambalo hakupona mpaka mwisho wa maisha yake.

Nancy alifariki mwaka 1871, kabla mwanawe hajatengeneza mashine ya kunasa sauti mwaka 1877 na kabla ya balbu ya mwaka 1879. Hakuziona zile hataza 1,093, yaani hati za kulinda uvumbuzi, alizokuja kuandikishiwa nchini Marekani. Edison alisema zaidi ya mara moja kwamba mama yake ndiye aliyemfanya awe alivyokuwa, na ukisoma habari hizo unaelewa kwamba alikuwa anazungumzia kazi aliyoishuhudia kwa macho.

Sasa nije kwa pendekezo la mama wa mtoto, ambalo nalijibu kwa heshima. Kumwambia mtoto kwamba ana akili kuliko wote kuna hatari ambayo imepimwa. Mwaka 1998 watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck, waliokuwa Chuo Kikuu cha Columbia, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo mepesi, wakaambiwa wamefanya vizuri; baadhi wakasifiwa kwa kuwa na akili, wengine wakasifiwa kwa kujitahidi. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, na wote wakashindwa. Walioambiwa wana akili walikata tamaa mapema, hawakutaka kuendelea, na waliporudishiwa mafumbo mepesi walifanya vibaya kuliko mara ya kwanza. Waliosifiwa kwa juhudi waliendelea kupambana na wakafanya vizuri zaidi. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba watoto walipotakiwa kuandika alama zao kwa ajili ya mwanafunzi wa mbali wasiyemjua, waliosifiwa kwa akili ndio waliozidi kudanganya alama hizo. Mtoto aliyeambiwa kwamba thamani yake ni akili yake, akishindwa anajiona amenyang'anywa kila kitu, na hapo kilichobaki ni kuficha.

Mwanao anayefuta jibu sahihi hakosi akili ya kugawanya. Amekosa mahali pa kukosea bila kuaibishwa. Kabla hujamtafutia maneno matamu, mpatie mahali hapo. Akiandika jibu na kukutazama, mwulize amelipataje. Mwulize vivyo hivyo likiwa sahihi na likiwa si sahihi, kwa sauti ile ile, ili uso wako usiwe ndio kitabu cha majibu.

Mtaalamu wa Viungo (Mwanza) amejibu:

Shikamoo Mwalimu, na salaam kwa mzazi. Mimi nafanya kazi ya fiziotherapia, na watoto wengi ninaowahudumia wana matatizo ya miguu, mikono na mgongo, si ya hesabu. Lakini nilipokuwa nikisoma swali lako nilimkumbuka mama mwingine wa Marekani ambaye habari zake zinafahamika vizuri, nami ningependa mke wako amjue badala ya yule wa barua.

Wilma Rudolph alizaliwa mwaka 1940 katika jimbo la Tennessee, karibu na mji wa Clarksville, kabla ya wakati wake, akiwa na uzito wa takribani kilo 2. Alikuwa mtoto wa 20 kati ya watoto 22 wa baba yake kutoka ndoa mbili. Baba alikuwa mchukuzi katika shirika la reli, na mama, Blanche, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani katika nyumba za Wazungu. Mtoto aliugua nimonia na homa kali moja baada ya nyingine, kisha polio ikampooza mguu wa kushoto. Wakati huo kusini mwa Marekani watu weusi walitengwa kwa sheria, hata matibabu ya maana katika mji wao hayakuwa kwa ajili yao, na mahali palipokuwa na madaktari wa kumhudumia ni chuo cha tiba cha watu weusi cha Meharry, huko Nashville, umbali wa kilometa 80 hivi. Daktari alisema mtoto hatatembea. Mama akasema atatembea. Wilma alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba kati ya hao wawili alichagua kumwamini mama yake.

Watu hupenda kuishia hapo, kwa sababu maneno hayo yanapendeza. Mimi kama mtu wa viungo natazama kilichofuata. Kila wiki Blanche alipanda basi na mtoto wake mpaka Nashville na kurudi, akiwa na kazi ya watu inayomsubiri na nyumba iliyojaa watoto, na safari hizo ziliendelea kwa takribani miaka miwili. Huko alijifunza namna ya kuukanda mguu, kisha akawafundisha watoto wake wakubwa, wakawa wanamkanda mdogo wao kwa zamu, mara 4 kwa siku. Naomba msomaji aliyewahi kumkanda mtoto mwenye maumivu afikirie mara 4 kwa siku, kila siku, huku mtoto akilia na mguu hauonyeshi mabadiliko yoyote ya kuonekana kwa wiki nyingi. Mtoto alivaa chuma mguuni, baadaye kiatu maalumu, na kufikia umri wa miaka 12 alikuwa ameviacha vyote viwili. Mwaka 1956, akiwa na miaka 16, alipata medali ya shaba ya mbio za kupokezana vijiti kwenye Olimpiki ya Melbourne. Mwaka 1960 huko Roma alishinda dhahabu tatu: mita 100, mita 200 na mbio za kupokezana za mita 100 kwa wanne. Aliporudi Clarksville alitaka mapokezi yake yasiwatenge watu kwa rangi, na ikawa hivyo, kwa mara ya kwanza katika mji huo.

Naongeza jambo moja ambalo wasimulizi wa visa vya namna hii huliruka, nalo linanihangaisha kazini. Si kila mtoto wa polio aliyekandwa mguu alitembea. Wapo wazazi waliofanya yote aliyofanya Blanche na mtoto hakuinuka, na si halali kuwaambia kwamba hawakutia moyo vya kutosha. Ninachokishuhudia ni kwamba mtoto ambaye mzazi wake anashiriki mazoezi hukubali kufanya zoezi gumu, na hilo peke yake linamfungulia nafasi ambayo vinginevyo asingeipata. Atafika wapi, hilo linategemea na mambo mengine.

Kwa hiyo, kaka yangu, kabla ya yote mpeleke mtoto akapimwe macho na masikio. Watoto wengi wanaoitwa wazito hawaoni ubao vizuri, nao hawajui kwamba wengine wanauona, kwa hiyo hawawezi kulalamika. Na kama anachanganya herufi au anaruka mistari anaposoma, hilo nalo liulizie, kwa maana wapo watoto wenye shida mahususi ya kusoma ambao akili zao ni timamu kabisa na wanahitaji kufundishwa kwa njia tofauti.

Mpima Ardhi (Lindi) amejibu:

Naomba niseme kwa upande wa mtoto, maana mimi nilikuwa yule mtoto.

Marehemu mama yangu alikuwa anauza vitumbua, na hakujua kusoma wala kuandika. Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa miongoni mwa wale wanaokaa nyuma, na jina nililopewa huko sitaliandika hapa. Mama hakuwahi kuniambia kwamba nina akili. Alichofanya ni hiki: jioni, baada ya kuloweka mchele wa kesho yake, aliniita jikoni na daftari langu, akasogeza kibatari, na mimi nikatakiwa kumsomea kile tulichofundishwa siku ile. Nikimaliza alikuwa anauliza, "Maana yake nini?" Nikishindwa kueleza, hakunigombeza, alisema tu, "Basi kesho kamwulize mwalimu, uje unieleze na mimi." Unaweza kudhani ni jambo dogo. Lakini kwa mtoto ambaye darasani hathubutu kunyoosha mkono, kuulizia kwa ajili ya mama yake ni tofauti na kuulizia kwa ajili yake mwenyewe. Nilikwenda kwa mwalimu nikiwa nimetumwa, na aliyetumwa haoni aibu.

Maandishi hakuyajua, ila alama ya vema na alama ya kosa alizitambua. Alifunua daftari, akaweka kidole kwenye kosa jekundu, akauliza, "Hapa palitokea nini?" Hakuuliza kwa nini nimekosa. Nilikuja kuiona tofauti ya maswali hayo mawili nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe.

Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakutosha. Kuna ndugu walimshauri aniache niende kuvua, naye hakubishana nao. Alisema kijana atarudia, basi. Nikarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, huku mchana nikibeba ngazi na mkanda wa kupimia kwa mafundi ujenzi. Hapo ndipo nilipopenda vipimo, na hapo ndipo hesabu za pembe, ambazo darasani zilikuwa zinaniumiza kichwa, zikawa na sura, kwa sababu niliziona zikisimama kwenye kona ya nyumba. Leo napima viwanja na mashamba. Sikuwa mtu mashuhuri na sitarajii kuwa, lakini ninaishi kwa kazi ninayoipenda, na ada za wadogo zangu wawili nimezilipa mimi.

Ndugu wa Kihonda, wewe ni seremala. Mtoto anayefungua redio kwa nini hagawanyi mbao? Mpe ubao wa futi 12 na mwambie unataka vipande vinne vinavyolingana, halafu vitano, halafu akueleze kwa nini vya vitano vimeleta shida. Hapo hakuna daftari la kutoboa, na jibu lisilo sahihi ataligundua mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Ukisha kumwona amezoea, ndipo umrudishe kwenye karatasi na penseli.

Msomaji wa Nyeri amejibu:

Hamjambo wote. Nimefuatilia majibu haya kutoka upande wa Kenya, na nina jambo moja tu la kuongeza, kuhusu yule dada wa darasa la sita ambaye ametajwa mara moja halafu akasahaulika.

Hapa kwetu Nyeri, katika kijiji cha Ihithe, alizaliwa Profesa Wangari Maathai mwaka 1940. Wakati ule wasichana wengi wa vijijini walibaki nyumbani kuwasaidia mama zao shambani, na yeye naye angeweza kubaki. Aliyeuliza kwa nini Wangari haendi shule kama wengine alikuwa kaka yake, Nderitu, ambaye tayari alikuwa mwanafunzi. Swali hilo alimwuliza mama yao. Mama, ambaye angepoteza mikono ya binti mkubwa nyumbani na shambani, alijibu kwamba hakuna sababu ya kumzuia, na Wangari akaanza shule akiwa na umri wa miaka 8. Kutoka hapo alifika shule ya sekondari huko Limuru, kisha mwaka 1960 akaenda kusoma Marekani, mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kazi yake ya mazingira na demokrasia.

Kwa hiyo mara nyingine anayeona shida kwanza si mzazi, bali ni mtoto mwenzake, na sehemu ya mzazi ni kumsikiliza na kukubali gharama. Binti yenu amewaletea habari ambayo mdogo wake alishindwa kuisema. Mshukuruni waziwazi, ili asijione msaliti. Kisha mwombeni awe naye njiani wakati wa kwenda na kurudi shule, maana jina la kudhalilisha hupoteza nguvu nyingi mtoto anapokuwa na mtu mkubwa kidogo kando yake. Hata yule Wilma aliyeelezwa hapo juu alikandwa mguu na ndugu zake, si na mama peke yake.

Mzazi wa Kihonda amejibu:

Nawashukuru sana, Mwalimu na ndugu zangu wote. Nimemsomea mke wangu majibu yenu yote. Habari ya Blanche Rudolph alitaka niirudie, na baada ya hapo akasema kwamba kama kutia moyo ndiko huku, basi sisi tunaanza leo. Tumekubaliana kutomdanganya mtoto juu ya kukariri kwake. Nilimwambia mimi mwenyewe, nikiwa naye kwenye karakana, kwamba alama hazikutosha, kwamba mwaka huu tunarudia pamoja, na kwamba nimelisikia lile jina na silikubali. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akaniuliza nimelisikia kutoka kwa nani, nikamwambia kutoka kwa dada yake, kwa sababu anampenda. Alitikisa kichwa, akaendelea kupiga randa.

Zoezi la mbao tumelianza. Vipande vinne alivipata bila shida. Kwenye vitano alisimama muda mrefu na futi mkononi, akapima, akafuta alama ya penseli kwenye mbao, akapima tena, kisha akasema, "Baba, inabaki futi mbili, na futi mbili haziwatoshi watano, mpaka nizigeuze inchi." Nilijizuia kumsifu kupita kiasi, nilimwuliza tu sasa atafanyaje, akaendelea. Macho tutakwenda kupima mwishoni mwa wiki hii.

Limebaki jambo la yule mwalimu. Nancy Edison alikwenda kugombana akamtoa mtoto shuleni. Mimi sina uwezo wa kumfundisha nyumbani, na kumhamishia shule nyingine ni mbali na nauli ni tatizo. Nikienda kwa hasira naogopa mtoto ndiye atakayelipa. Nisipokwenda, nitakuwa nimemwambia mtoto kwamba silikubali lile jina, huku nikiliacha liendelee. Mwalimu, wewe uliyekaa upande ule wa meza, unashauri nini?

Mwalimu Mstaafu (Tanga) amejibu:

Nenda. Mtoto umekwisha kumwambia kwamba hulikubali, kwa hiyo sasa anakutazama kuona utafanya nini, na akiona hujafanya kitu atajifunza kwamba maneno yako nyumbani hayafiki shuleni.

Lakini usiende kama Nancy. Yeye alikuwa anamwondoa mwanawe siku ile ile, hakuwa na haja ya kumwacha mikononi mwa mwalimu kesho yake. Wewe unamwacha. Omba kuonana na mwalimu huyo baada ya vipindi, ninyi wawili tu, bila mtoto na bila walimu wengine. Usianze na jina. Anza na daftari: mfungulie ukurasa uliotoboka, mweleze kwamba mtoto anaandika jibu sahihi kisha analifuta kwa hofu, na mwombe msaada wake katika hilo. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani mara nyingi hajauona ukurasa ule. Ameona kosa la mwisho tu, akalipiga mkasi. Baada ya hapo mwambie kwa upole na bila kuzunguka kwamba lipo jina analoitwa mtoto mbele ya wenzake, kwamba limefika nyumbani, na kwamba unaomba likome. Mwombe pia jambo moja ambalo anaweza kulifanya kesho yake bila gharama yoyote: amwite mtoto ubaoni kwa swali ambalo mmekubaliana mapema, ambalo mtoto amelifanyia mazoezi nyumbani, ili darasa limwone akipata. Katika miaka yangu ya kufundisha sikuwahi kuona darasa linaloendelea na jina la kejeli kwa muda mrefu baada ya kuona mwalimu mwenyewe amelibadilisha.

Wengi watakusikiliza, kwa maana walimu nao ni wazazi. Asipokusikiliza, muone mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, na kamati ya shule ipo kwa ajili ya mambo kama haya, nawe kama mzazi una haki ya kuiendea. Andika tarehe za mazungumzo yenu kwenye daftari lako. Ukirudi nyumbani siku hiyo mweleze mtoto kwamba umekwenda, umezungumza na nani, na mmekubaliana nini, hata kama makubaliano ni madogo.

Kuhusu zile futi mbili alizotaka kuzigeuza inchi: ni 24, na bado hazigawanyiki kwa tano bila kubaki. Usimwambie. Mwache azifikie mwenyewe, na akifika hapo, hiyo ndiyo siku ya kuanza naye sehemu na desimali, ambazo ndizo zitakazomsumbua darasa la tano. Na ukimaliza kupima macho, tuandikie hapa wamesema nini.